Ukurasa wa Arobaini na Moja

Siku dada yangu alipostaafu, mkuu wa idara alisoma maisha yake kwa dakika ishirini. Mwanamke wa kwanza kufundisha hisabati katika chuo kile, wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, wa kwanza kuwa profesa. Wa kwanza, wa kwanza, utadhani alikuwa mwanariadha. Palipohusu kufeli kwake akaparuka kama mtu anavyoruka dimbwi. Mimi nilikuwepo siku aliyofeli, kwa hiyo nitasimulia mimi.

Alianza kama mwalimu wa sekondari. Chuo kilipomchukua kuwa mhadhiri msaidizi, idarani walikuwa wanaume kumi na mmoja na yeye, na wageni wakiingia walimkabidhi karatasi azipige chapa. Alizipokea kwa adabu, akazirudisha zimesahihishwa hesabu zake zote. Wakambandika jina la Kalamu Nyekundu.

Mpiga chapa hasa nilikuwa mimi, karani wa ofisi ya maji. Tasnifu yake ya miaka saba niliipiga kwa vidole hivi, nikiacha nafasi za alama ambazo mashine haikuwa nazo, naye akizijaza kwa mkono. Ilihusu michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari. Alidai kwamba michoro ya aina fulani, hata iwe mikubwa vipi, inapakika kwa rangi tatu tu bila nukta mbili zilizounganishwa kufanana rangi. Akilithibitisha hilo mbele ya jopo, anapata shahada na ajira ya kudumu. Asipolithibitisha, mkataba wake unakwisha mwezi huohuo na nafasi anapewa mwingine.

Alikuwa na desturi yake. Kila hoja alinieleza mimi kwa sauti, na kazi yangu ilikuwa kuuliza "kwa nini?" kila hatua.

"Wenzangu wanajua mno," alisema. "Nahitaji mjinga mwaminifu."

Nilinuna siku mbili, kisha nikazoea.

Asubuhi ya mtihani tulikuwa katika chumba chake cha kazi tangu saa mbili. Jopo lilikuwa likae saa nne. Yeye alikuwa akipitia kurasa kwa mara ya mwisho, mimi nikimshonea kifungo cha koti. Akafika ukurasa wa arobaini na moja, akasoma: "Ni dhahiri kwamba ukiondoa nukta moja, mchoro unaobaki ni wa aina ileile."

"Kwa nini?" nikauliza, kwa mazoea tu. Huko nyuma sentensi hiyo niliiacha ipite kwa uchovu.

"Kwa sababu..." akaanza. Akavuta karatasi, akachora, akafuta, akachora tena. Nilijichoma sindano nisisikie maumivu.

Saa tatu na nusu akaweka kalamu chini. "Idadi ya nukta ikiwa witiri, kama tisa au kumi na moja, hoja inasimama. Ikiwa shufwa, kama kumi, sijui."

"Hujui, au si kweli?"

"Sijui. Hilo ndilo baya."

Msimamizi wake alipoingia, alimweleza yote. Yule bwana akafunga mlango kwanza. "Watahini wamekaa na tasnifu hii miezi minne, na hakuna aliyeandika neno juu ya ukurasa huo. Tetea, chukua shahada yako, ziba baadaye." Akatoka bila kungoja jibu.

Mimi nilikuwa upande wa msimamizi mzimamzima. Nikamshika dada mkono. "Nyamaza, dada, nakuomba. Miaka saba! Nani atajua?"

"Wewe umeliona ukiwa unashona kifungo," akasema. "Unadhani dunia ina mjinga mmoja tu?"

Saa nne, katika chumba cha jopo, nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Alianza vizuri, sauti haitetemeki, chaki inakimbia. Ukurasa wa thelathini na tisa, wa arobaini. Nilikuwa nikimwomba Mungu dada airuke sentensi ile. Mtahini mmoja alikuwa ameshafunga nakala yake. Dada akaiandika sentensi ile ubaoni yote, neno kwa neno, kisha akasimama kuitazama.

"Endelea," akasema mtahini mkuu, mzee wa miwani mizito. "Hapo tumeshapasoma."

"Naomba nisiendelee, Profesa. Nimeandika kwamba ni dhahiri. Si dhahiri. Nukta zikiwa shufwa, sina uthibitisho."

Mzee akafungua nakala yake, akafuata mistari kwa kidole. Chumba kizima kilikuwa kinangoja kidole kile. "Nimepasoma mara tatu," akasema hatimaye, "na mara tatu nimepita." Akainua macho. "Unaweza kupaziba sasa hivi?"

"Maji nimeshayavulia nguo, acha niyaoge."

Wakampa robo saa. Alijaribu njia ya kwanza, akafuta. Ya pili, akafuta. Ya tatu hata haikufika katikati. Mgongo wa koti ulikuwa umelowa jasho. "Siwezi," akasema.

Walitutoa nje dakika kumi. "Tunaheshimu ukweli wako," mzee akamwambia tuliporudi, "lakini ukweli si uthibitisho." Msimamizi alitupita ukumbini bila salamu. Mwisho wa mwezi dada alirudisha ufunguo wa chumba, akarudi kufundisha sekondari. Nilimkasirikia vibaya. Wiki tatu sikumjulia hali.

Mwezi wa kumi na nne tangu siku hiyo, Jumamosi mchana, alikuja kwangu na mchoro wa nukta ishirini na mbili na penseli tatu za rangi. "Paka," akaniamuru.

Nikapaka. Kila nilivyopanga, nukta moja ya mwisho ilikosa rangi. Nilijaribu mpaka chai ikapoa.

"Haipakiki, mdogo wangu!" Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Nimezihakiki njia zote. Dai langu halikukosa uthibitisho tu. Si kweli! Nukta hizi zinaliangusha lote."

Mchoro huo ndio uliomrudisha chuoni, akapewa shahada, na hadi leo wanafunzi wanausoma. Lakini mchana ule mimi sikuyajua hayo. Nilijiona tu nimemshika mkono asubuhi ile, namsihi akasimame mbele ya watu autetee uongo. Nikalia. Yeye akadhani ni hasira za kushindwa kupaka, akanisogezea karatasi nyingine.