Dereva wa Landrova ya Chome

Miaka ile spea zilipokuwa adimu, dereva wa Landrova ya Chome, kijiji cha milimani juu ya Same, aliufuta usukani kwa leso kabla ya kila mteremko, akiimba taratibu kama anayembembeleza ng'ombe akamuliwe. "Dereva, sokoni Same tutafika kesho?" abiria walimtania. Siku hiyo Honorata, aliyekaa mbele akimpakata mwanawe mchanga, aliona mguu wa dereva ukizama hadi chini. Breki hazikushika. Dereva hakuacha kuimba. Alipunguza gia, akaipunguza tena, kisha akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, likakwaruza udongo hadi likasimama.

"Mbona umesimama, mwanangu?" bibi mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Shikamoo, bibi. Breki zimekufa."

"Marahaba. Na sisi je?"

"Sisi wazima!"

Vigelegele vikalipuka, mtoto wa Honorata akaamka akilia kwa nguvu zote, na hakuna aliyemnyamazisha.