Vidole vya Wojtanik kwenye Lami

Delmar Stroup alikuwa mchovyaji kwa miaka thelathini na minne. Katika kiwanda cha magongo ya besiboli cha hapa Kessler Gap, kaskazini mwa Pennsylvania, gongo likishachongwa na kupigwa msasa lilitundikwa kwenye kulabu, likazamishwa ndani ya pipa la vanishi, kisha likainuliwa taratibu ili vanishi isiache michirizi. Likikauka, Delmar alilikamata mpini, akalizungusha nusu mzunguko, likachomoka. Kwa makisio yake alifanya hivyo zaidi ya mara milioni moja. Arlene, mkewe, anasema hata chupa ya siki mezani anaifungua kwa mzunguko uleule.

Kiwanda kilipofungwa, wazee wa mji walikusanya magongo yaliyowahi kutumika katika mechi za timu yetu, Wapasua Mbao, wakayatundika kwenye jengo la zamani la zimamoto. Yako arobaini na matatu. Delmar akakabidhiwa ufunguo. Mimi nikakabidhiwa kadi, moja kwa kila gongo, niandike hali yake na kubandika picha mwaka hadi mwaka. Tangu siku hiyo mtu huyu hajapata raha.

Watu wa bonde hili hawawezi kuona mti mkavu wakauacha. Wanapaka mafuta mbao za jikoni, vitako vya bunduki, mipini ya shoka, hata viti vya kanisani. Mwaka wa kwanza akina mama wa Kilutheri walijitolea kufagia jengo, na Delmar aliporudi kutoka kula chakula cha mchana alikuta magongo matatu yananukia limau. Mwaka uliofuata seremala mstaafu alimletea gongo la kaka yake kama zawadi, na kwa heshima akawa amelipiga msasa kwanza. Mgeni mmoja kutoka Scranton alitema mate kwenye leso na kuanza kusugua doa ili asome jina lililochomwa chini yake. Lile doa ndilo lililokuwa ushahidi kwamba gongo lilitumika.

Delmar alieleza mpaka sauti ikamkauka. Gongo la mechi, alisema, thamani yake imo katika uchafu wake. Ni alama nyekundu ya nyuzi za mpira, ni rangi ya kijani iliyokwanguliwa kwenye rafu ya benchi, ni lami ya msonobari ambayo mchezaji aliipaka kwenye mpini ili mikono isiteleze. Vanishi ya zamani nayo hubadilika kuwa ya manjano, hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hupata ukungu mweupe. Hayo huyafuti. Ukiyafuta, umebaki na mti tu. Watu waliitikia kwa kichwa, wakauliza kama amejaribu mafuta ya kitani.

Kibao cha mlangoni kilianza na neno moja, USIGUSE. Kufikia mwaka wa saba kilikuwa na mistari kumi na moja, wa mwisho ukisema, "Hata kwa mate."

Mwezi wa Aprili mwaka huu Delmar alipigiwa simu na mwanamke aitwaye Bernadette Wojtanik, kutoka Ohio. Baba yake, Casimir, aliichezea timu yetu mpaka mwaka 1957, alipoangukiwa na magogo kwenye kiwanda cha mbao. Bernadette alikuwa na miezi saba. Mama yake aliolewa tena, akahama, na vitu vya marehemu vikatawanyika. Hakubaki na saa wala kofia. Alikuwa amesikia kwamba sisi tuna gongo la baba yake.

Tunalo, namba kumi na saba. Wojtanik alikuwa mtu wa kupaka lami kama anayepaka jamu kwenye mkate. Baada ya mechi yake ya mwisho gongo lilirushwa darini jinsi lilivyokuwa, lami ikakauka hapohapo, na ndani yake zimebaki alama za vidole vinne vya mkono wake wa kulia, wazi kama umeona mtu akiondoa mkono jana. Delmar, ambaye kwa kawaida hata mimi hanipi gongo bila glavu, alimwambia mama yule kwamba akija ataweka vidole vyake ndani ya vidole vya baba yake. Nilikuwepo, nikamsikia akiahidi. Alipokata simu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeahidi.

Ikapangwa Jumamosi ya pili ya Juni, sikukuu ya timu.

Hapo ndipo Gerald Fenstermacher alipoingia. Gerald anauza magari yaliyotumika na ni mwenyekiti wa kamati inayosimamia jengo la magongo. Ni mtu mwema, lakini hajawahi kuona kitu asichotaka king'ae. Kwenye kikao cha Mei alisema gazeti la wilaya litakuja kupiga picha, na yale magongo, kwa hali ile, yanaonekana kama kuni.

"Ni kuni kweli," Delmar akamjibu. "Kuni ambazo zimepiga mpira."

"Mpako mmoja tu wa vanishi, mzee. Wewe si fundi? Mwanamke anatoka Ohio, mwendo wa saa sita barabarani, halafu umwonyeshe kitu kimejaa ukungu?"

"Gerald, mama yako ana mikunjo usoni?"

"Anayo."

"Mbona humpigi msasa?"

Kikao kilicheka, Gerald naye akacheka, kisha akaomba iandikwe kwamba suala la vanishi litajadiliwa tena. Niliandika. Njiani kurudi nyumbani Delmar alilalamika mwendo wa barabara tatu nzima. Alisema amezungukwa na watu ambao Mungu akiwapa mlima watauliza polishi iko wapi.

Joto liliingia mapema. Wiki ya kwanza ya Juni kiyoyozi cha jengo kilikufa, na fundi akasema atakuja Jumatano, bila kutaja Jumatano ipi. Siku mbili kabla ya sikukuu, mchana, mimi na Delmar tulikwenda kukagua. Nilikuwa na kadi mkononi. Tulipofika namba kumi na saba Delmar akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

Pale kulabu ilipolikumbatia gongo, chini kidogo ya mahali pa lami, vanishi ilikuwa imelainika kama peremende iliyosahaulika mfukoni. Ilikuwa imeungana na kulabu. Kulabu zenyewe zimevikwa mpira laini, wa bluu. Kuna kitu ndani ya mpira wa aina hiyo kinachotoka polepole na kuila vanishi ya zamani, na joto hukiharakisha. Kila mchovyaji anajua hilo. Na Delmar ndiye aliyezichagua kulabu zile miaka saba iliyopita, kwa sababu chuma kitupu kingekwaruza.

Halafu gongo likateleza kidogo upande wa kichwa chake kinene, kama linaloanza kuanguka, na Delmar akafanya jambo alilolifanya mara milioni moja. Alilikamata mpini, kwa mkono mtupu, akalizungusha nusu mzunguko, likachomoka.

Alikaa vile amelishika. Mimi pia niliona. Lami nayo ilikuwa imelainika.

Alipofungua mkono, ulitoa sauti ndogo ya kitu kinachobanduka. Kidole cha shahada cha Wojtanik na cha kati, vilivyokuwa juu kidogo, vilikuwa salama. Viwili vya chini havikuwepo. Mahali pake palikuwa na vidole vya Delmar Stroup, vipana, na kile kidogo kilichokatwa ncha na msumeno mwaka 1980.

Alilaza gongo mezani juu ya kitambaa cha pamba. Akatoka nje, akasimama mbele ya kibao chake cha mistari kumi na moja, akakisoma chote kuanzia juu hadi chini, kama mgeni.

Habari haikukaa. Jioni Gerald alifika nyumbani kwa akina Stroup akiwa na bakuli la saladi ya viazi kutoka kwa mkewe, kama watu wanavyofanya kwenye msiba. Arlene ndiye aliyenisimulia. Gerald hakuja kusimanga. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba mama yule hajawahi kuuona mkono wa baba yake, na vidole ni vidole. Aweke mkono wake pale, alie kidogo, apige picha, arudi Ohio amefurahi. Nani ataumia?

Delmar alimshukuru kwa saladi, akamsindikiza mpaka mlangoni, na hilo ndilo lililomtisha Arlene. Katika ndoa ya miaka arobaini na tisa hajawahi kumwona mumewe akiacha kubishana na Gerald. Baadaye akamuuliza kama kweli anafikiria jambo hilo. Delmar akasema anafikiria. Akasema amewagombeza wanawake wa kanisa kwa ajili ya mafuta ya limau, na mafuta ya limau yangefutika.

"Basi ukae kimya," Arlene akamwambia. "Na kila mwaka yule mama akirudi, utakuwa unamshikisha mkono wako. Mkono wenyewe mimi naujua. Si wa kusafiria mwendo wa saa sita."

Jumamosi Bernadette Wojtanik alifika saa nne asubuhi, kabla ya umati. Ni mwanamke mrefu, muuguzi mstaafu, mwenye mkoba mkubwa na subira ndogo. Watu watatu walikuwa wamemsimamisha njiani kumwambia baba yake alikuwa mpigaji hodari, na wawili kati yao walizaliwa baada ya mazishi. Delmar alikuwa amevaa shati la kanisani. Alimpeleka mezani moja kwa moja, na kabla hajakaa akamwambia.

Alimwambia yote, na kwa mpangilio mbaya. Alianza na mpira wa kulabu, akaenda kwenye kiyoyozi, akarudi kwenye kiwanda, akaeleza jinsi gongo linavyochomolewa, mpaka mama yule akamkatiza.

"Bwana Stroup, mimi nimekaa na madaktari miaka arobaini. Mtu akianza na kiyoyozi, najua kuna aliyekufa. Niambie."

"Vidole viwili vya baba yako nimevifuta. Hivi vya chini ni vyangu."

Alikitazama kidole kifupi kwenye lami, kisha kile cha mkononi mwa Delmar.

"Kwa makusudi?"

"Kwa mazoea."

"Nimesubiri miaka sitini na nane," akasema, "na wewe umeshindwa kusubiri siku mbili."

Delmar akasema ni kweli. Hakutaja joto tena. Mama yule alivuta kiti, akakaa. Nje bendi ya shule ilikuwa inajaribu wimbo na kuukosea palepale kila mara. Halafu akauliza vidole vipi ni vya baba yake, na Delmar akamwonyesha kwa ncha ya penseli bila kugusa. Akauliza kama ana uhakika. Nikatoa kadi na picha za miaka sita, nikazipanga. Akazilinganisha moja moja, kama anayesoma chati ya mgonjwa bila kumwamini aliyeiandika.

Alipotosheka, aliinua mkono wa kulia. Aliweka kidole cha shahada na cha kati mahali pake. Viwili vilivyobaki alivinyanyua juu, mbali na vya Delmar, mkono ukakaa vibaya, kama wa mtu aliyeshika kikombe cha moto. Hakulia. Alisema tu kwamba baba yake alikuwa na vidole vyembamba, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Kwa joto lile, kila sekunde aliyokaa vile lami ilikuwa inapotea, na mimi na Delmar tulijua. Uso wa Delmar ulibadilika kama wa mtu anayetazama maziwa yakifura jikoni kwa watu wengine. Hakumwambia atoe mkono.

Mwishowe akautoa mwenyewe.

"Hii itakaa?" akauliza.

"Hapana," Delmar akasema. "Itaendelea kuharibika. Vanishi itapasuka, lami itasinyaa. Mimi kazi yangu ni kupunguza mwendo tu. Na juzi niliuongeza."

"Basi punguza, Bwana Stroup. Mimi nitarudi mwakani kuangalia."

Alitazama ncha za vidole vyake, nyeusi, zinazonata. Delmar akamwambia sabuni haitoi lami ya msonobari, ni siagi ndiyo inayoitoa, na kwamba Arlene anayo pale nje kwenye meza ya mahindi ya kupakwa siagi. Bernadette akasema asante, hahitaji siagi. Akachukua mkoba kwa mkono wa kushoto. Tulimwona kupitia dirishani akifungua mlango wa gari kwa kidole kidogo, akashika usukani akiwa ameinua vidole viwili, akaondoka hivyohivyo kuelekea Ohio, bila kusubiri mechi ya sikukuu.

Delmar alirudi mezani na kioo cha kukuzia. Alikagua kwa dakika nyingi, akihema puani.

"Andika," akaniambia. "Juni kumi na nne. Vidole viwili vimefutwa na mtunzaji." Akanyamaza. "Na vile viwili vingine vimepungua kina. Kaondoka navyo kidogo, yule mama. Kila mtu. Kila mtu mji huu lazima aguse."

Kisha akachukua bisibisi, akaanza kung'oa kulabu za bluu.