Vikombe vya Mama Vyombo

Akienda msibani, Mama Vyombo hufunga ubawa mmoja tu wa mlango wa duka lake, wateja wajihudumie. Hubeba vikombe vipya kutoka kwenye rafu, na watu wakishakunywa chai huviosha mwenyewe, akigonga kila kimoja kwa ukucha asikilize kama kina ufa. Alipofiwa na dada yake tulimkuta amechuchumaa mbele ya beseni, mikono imejaa povu. Muuza nyama akamnyang'anya kikombe.

"Inuka, dada. Leo mfiwa ni wewe."

"Mikono yako ya shoka hiyo, utavivunja."

"Acha vivunjike."

Mama Vyombo akakaa mkekani, akitegea sikio beseni. Muuza nyama akaosha, akagonga kwa ukucha kama yeye. Kimoja kikatoa sauti ya ufa. Hapo ndipo Mama Vyombo alipojifunika uso, akalia.