Mwenyeji wa Sajini Santigie

Mtu akimsema vibaya Ya Nasu mbele yangu, tutagombana. Bibi yule muuza uji wa mchele ndiye aliyetutia adabu hapa kwetu, nje kidogo ya Makeni.

Sajini Santigie Turay alipostaafu alitolewa kambini na godoro lake. Ujana wote jeshini, hana hata kibanda. Akawa analala kwenye baraza la soko, na mvua zilikuwa karibu. Ya Nasu akampa uji kila asubuhi. Sisi wengine tulijipitia tu.

Kisha akaharibu mambo. Alitaka kiwanja, basi akaenda kwa chifu peke yake, mkononi kokwa za kola, zawadi ya kumwombea mtu kwa chifu, akasimama wima na kupiga saluti. Jamani, mgeni haendi kwa chifu bila mwenyeji wa kumsemea! Pa Kaloko, chifu wetu, hakuzigusa kola zile.

"Kwani hapa ni kambini?" aliuliza. "Ukiharibu, nimshike nani?"

Akapewa mpaka Ijumaa alete mwenyeji, la sivyo auhame mji. Akabisha hodi nyumba hadi nyumba. Wapi! Vita hatukuwa tumevisahau, na wenye magwanda walitutenda.

Ijumaa Ya Nasu akafunga kilemba, akabeba kola yeye mwenyewe. "Mwenyeji wake ni mimi. Akikosea, niiteni."

Pa Kaloko akashangaa. "Ya Nasu, nyumba yako ilichomwa na wanajeshi. Umesahau?"

"Nitasahauje, na nililala nje masika mawili? Ndiyo maana simtakii mwingine."

Chifu akamgeukia Santigie. "Mwaka ule ulikuwa wapi?"

"Hapa," alijibu, macho chini. "Nilichoma nyumba na wenzangu."

Mimi nilikunja ngumi, sifichi.

"Aliniambia siku ya kwanza, kabla hajaonja uji wangu," Ya Nasu akasema. "Mpeni kiwanja karibu na kwangu. Ukuta wangu wa nyuma mpaka leo haujasimama. Ataanzia huo."

Pa Kaloko akapasua kola moja, ndiyo kukubali kwenyewe, kipande cha kwanza akampa bibi.

Santigie aliujenga ukuta ule kabla hajagusa nyumba yake, na sisi tuliomfungia milango tukamchotea maji ya kukandia udongo. Leo wastaafu wanne wana paa mtaani kwetu, na mwenyeji wao wote ni Ya Nasu. Ningekuwa yeye, mtu yule angelala sokoni mpaka afe.