Mikeka kwenye Baraza ya Nurdini

Ulikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. La, tusiwapoteze watu, ule ulikuwa mwaka wa sensa. Haya yalitokea mwaka uliofuata, mvua bado hazijaanza, Nurdini alipofungua mlango asubuhi akakuta alama ya X nyekundu kwenye baraza yake, pale pale anapowekaga cherehani.

Nurdini ni fundi kanzu wa mtaa wa zamani, Kondoa mjini. Baraza ile ya mawe na udongo ilijengwa na babu yake. Wamekaa hapo wasafiri wa Kolo wakisubiri gari, wamekaa wafiwa, na hapo ndipo posa ya Mwamvua, mkewe, ilipozungumzwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Miji kadhaa yenye mitaa ya kale ilikuwa imekubaliana kusaidiana, kila mmoja uwaonyeshe wenzake namna ya kuitunza mitaa hiyo ili watu waendelee kuishi humo. Zamu ya Kondoa kupokea wageni ikafika. Kamati ya mapokezi ikaona baraza zinabana njia. Zitavunjwa, mtaa uonekane vizuri, na wenyeji wahamishwe, wapewe viwanja nje ya mji.

"Huko nje ya mji nitamshonea nani, fisi?" Nurdini alimwuliza Eliakimu, bwana wa kamati aliyekuwa akipita na ndoo ya rangi.

"Mzee Nurdini, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Fisi anavaa kanzu?"

Siku ya wageni ikafika uvunjaji haujaanza, kamati ikaagiza baraza zote ziwe tupu. Nurdini akatandika mikeka, akakaa. Jirani yake Abdulwahab akaja, kisha wanaume wa mtaa mzima, kofia kichwani, wamenuna.

Wageni walipokata kona wakasimama. Wanaume wamejaa mikekani, mchana wa siku ya kazi, hawacheki. Mtu wa nchi hii ataelewa nini hapo? Wakavua viatu wakakaa. Mmoja akanyanyua mikono, fatiha ikasomwa, na Nurdini, kwa kuwa dua haikataliwi, akaitikia amina kama wenzake. Mama mmoja kutoka pwani, Batuli, akajifunga kanga akaingia ndani kuwapa pole wanawake.

Alitoka upesi.

"Jamani, mfiwa anakaanga vitumbua."

Abdulwahab akaziba mdomo kwa kofia.

"Sasa tumemsomea nani?" aliuliza yule aliyeongoza dua.

"Baraza hii," Nurdini akasema, akisogeza mkeka ili ile X ionekane. "Inavunjwa kwa ajili yenu. Mmefanya vizuri kuiwahi."

Eliakimu alitaka kuwainua wageni. Hawakuinuka.

"Kwetu tulivunja," Batuli alisema. "Mtaa ukawa mweupe, unapendeza. Jioni ikifika unamkuta mlinzi na paka."

Vitumbua vikaletwa, na mkutano uliokuwa umeandaliwa ukumbini ukafanyikia pale pale mikekani. Ikakubaliwa kwamba hakuna jiwe litakaloguswa kabla wenye nyumba hawajaingia kwenye kamati.

"Lakini alama zibaki kwa sasa," Eliakimu alisema wageni walipokwenda.

Nurdini aliingia ndani, akatoka na kopo la chokaa, akaanza kuipaka ile X mbele ya macho ya Eliakimu, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Mzee wangu, hiyo ni alama ya kamati."

"Na baraza ni yangu. Ukipaka na mimi nitapaka. Chokaa ninayo, na kazi yangu iko hapa hapa, siendi popote."

Halafu akamwuliza jambo ambalo tangu siku ile anamwuliza kila ofisa apitaye hapo: hao wageni mnaowaita waje kuuona mtaa wetu, mkishatuhamisha wakapiga hodi, atakayewaambia karibu ni nani?