Rangi Zilizobaki Kwenye Maganda ya Kahawa

Mke wangu alipenda rangi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nyumbani kwetu karibu na Githongo alichemsha nyuzi za mkonge kwenye sufuria kubwa pamoja na rangi nyekundu, buluu au zambarau, akazianika uani, kisha akasuka vyondo, vile vikapu vya kubeba begani. Maji yaliyobaki aliyamwaga kwenye mfereji uliopita chini ya shamba.

Jumamosi moja jirani yetu wa upande wa chini alipanda kuja kwetu na karai la kanzu nyeupe za kwaya alizozifua kwa maji ya mfereji ule. Zote zilikuwa na madoa ya waridi.

"Mama, kesho tunaimba," alisema. "Nitawaambia nini wenzangu?"

Hakupaza sauti. Mke wangu alizifua tena mpaka sabuni ikaisha, na madoa hayakutoka. Kwaya iliimba hivyo hivyo, naye akakaa kando yangu ameinamisha kichwa hadi mwisho wa ibada. Tuliporudi aliigeuza sufuria kifudifudi nyuma ya jiko.

"Sipiki rangi tena, baba watoto."

Sikupenda kumwona ameketi bure. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, nikamwambia makaa hunyonya rangi kutoka kwenye maji. Alifikiri kidogo.

"Makaa ya kupikia yenyewe hayatutoshi. Lakini maganda ya kahawa yanaozea tu pale kiwandani."

Tukayabeba kwa magunia, tukayakausha juani, tukayachoma ndani ya pipa lililofunikwa mpaka yakawa meusi. Tuliyajaza kwenye ndoo iliyotobolewa, juu ya mchanga. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama masizi! Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, nami nikacheka, ingawa shati langu lilikuwa limeharibika.

Tukayasuuza maganda yale tena na tena. Hatimaye alimimina maji ya zambarau polepole, na chini yakadondoka maji yenye wekundu hafifu tu, kama chai iliyopungukiwa majani. Alimwita jirani. Jirani akachovya pembe ya kitambaa cheupe, akakikamua, akakiinua kwenye jua.

"Haijashika," alisema, na wakashikana mikono kwa muda mrefu.

Maji hayo hatukuyanywa. Tuliyamwagia majani ya ng'ombe, na maganda yaliyoshiba rangi tukayafukia mbali na mfereji. Akairudia kazi yake, akaifanya miaka mingi.

Sasa naishi na binti yetu mjini Embu, mtaa wa Dallas. Ananitunza vizuri. Lakini sokoni nikiona vyondo huwa nasimama, navigusa, muuzaji ananiuliza nataka kipi, nami nakirudisha nilichokishika. Ninayemtaka hauzwi popote.

Mikono ya mke wangu haikuwahi kutakata kabisa. Wanawake walipokuwa wakimwandaa kwa mazishi, ukucha wa gumba lake ulikuwa bado na buluu. Binti yetu alichukua kitambaa ili ausugue. Nilimwomba auache.