Mrija Wenye Nguo

Sijawahi kumwonea mwanamke wivu kwa uzuri wake. Niliyemwonea wivu ni mama mmoja mnene, mpika pombe wa mji wa Tororo, na kilichonitia wivu ni mrija.

Mume wangu ni mwanajeshi. Alirudi na virusi vya Ukimwi kutoka kazi ya nje ya nchi, nami nikavipata kwake. Sote tunameza dawa. Mimi nalima hapa kijijini Masinya, yeye anakaa kambini Tororo, na jioni anakunywa malwa: chungu cha pombe ya nafaka ya wimbi katikati, wanaume wamekizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu. Kliniki walituambia virusi vyake vimepanda tena, na kwamba pombe inamsahaulisha dawa. Nilimwomba aache. Alicheka.

"Nikiacha chungu nitakaa na nani?"

Na mimi je? Mimi si mtu wa kukaa naye?

Kisha jirani yangu, anayepeleka samaki wa Majanji kuuza Tororo, akanipa habari mlangoni. "Wewe, mrija ya bwana yako imeshonewa nguo. Inalala kwa nyumba ya yule mama wa malwa."

Lisemwalo lipo. Asubuhi nilipanda boda.

Nilimkuta mama wa malwa anakaanga wimbi juu ya bati. Mirija ya wateja wengine ilikuwa imechomekwa darini ovyo, lakini wa mume wangu ulining'inia kwenye msumari peke yake, ndani ya mfuko wa kitenge chenye maua ya njano. Maua! Miaka yote ya ndoa sijamshonea hata kitambaa cha jasho. Nikauvuta.

"Mwenye huu ni bwana yangu," nikasema.

"Najua. Wewe ni bibi yake. Chukua tu. Lakini chukua na hii."

Akatoa kopo nyuma ya mtungi. Dawa za mume wangu.

"Huko kambi wanalala wengi, anaogopa watamwona," akasema. "Mimi nampa dawa kwanza, halafu mrija. Kama hajameza, hapana kunywa. Wewe ukichukua mrija, yeye anakwenda kwa mama mwingine mwenye hamuulizi dawa."

Nikamuuliza kwa nini anamezea kwake, si mbele yangu. Nameza dawa zilezile! Akija likizo, mume wangu huzunguka nyuma ya nyumba kumeza kama mwizi, na siku nyingine hamezi kabisa.

Akageuza wimbi wake kabla ya kunijibu. "Akikuona wewe, anakumbuka nani alikuletea ugonjwa. Akiniona mimi, anakumbuka dawa tu."

Nilitaka kumzaba kofi, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilirudisha mrija kwenye msumari. Mfuko wa maua niliukunja nikautia kwapani, naye aliona, akageukia bati lake.

"Akimeza, unibipu," nikamwambia.

Basi kila jioni, nikiwa na kikombe changu cha maji, simu inalia mara moja na kukatika. Namchukia mwanamke yule kila inapolia. Kidonge changu nakimeza peke yangu, nikiufikiria mkono wake unaompa mume wangu chake. Mume wangu bado anakunywa. Mrija wake sasa una mfuko wa bluu niliomshonea mimi, mshono umepinda.

Wiki iliyopita saa ilifika na simu haikulia. Ugali ulipoa mbele yangu. Nilitafuta wivu wangu nisiuone, umebaki woga mtupu. Nilimwomba Mungu mwanamke yule awe amemwona, amemshika, amemtilia dawa mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Ilipolia, nililia kwa furaha. Kisha nikamchukia tena, nikameza kidonge changu.